Vinoo vya asili vya wembe wa kukunja: uanze na kipi?

Kabla hujatoa pesa, utazame kwanza wembe wako. Kama una mapengo au umekuwa butu kabisa, jiwe la asili halitaufufua. Kazi hiyo ni ya kinoo cha kiwandani cha namba 1000 (namba ikipanda, chembe za kinoo ni laini zaidi), halafu vya namba za kati. Mawe mengi ninayoyataja hapa ni ya hatua ya mwisho: kuyalainisha makali yaliyokwisha kukaa sawa, yapite shavuni bila kuwasha. Asiye na hicho cha 1000 aanze nacho.

Jambo la pili, jiwe la asili halina namba. Muuzaji akikuambia "hili ni 12000", amekisia au amelinganisha na jiwe jingine. Mawe mawili ya machimbo yaleyale yanaweza kutofautiana kama ndugu wa tumbo moja.

Chaguo langu la kwanza ni Coticule, jiwe la manjano linalotoka milima ya Ardennes, upande wa Vielsalm nchini Ubelgiji. Ndani yake mna chembe za madini ya garneti, ngumu lakini zenye pembe butu, kwa hiyo hukata chuma bila kuacha mikwaruzo mirefu. Uzuri wake hasa uko kwenye tope. Ukilisugua kwa kijiwe kidogo cha aina hiyohiyo pamoja na maji, hutoka uji mweupe kama maziwa, na hapo linakata kwa kasi. Kisha unaongeza maji tone kwa tone huku ukiendelea kunoa, mpaka yabaki maji matupu, na kasi inashuka kuwa ulainishaji. Jiwe moja linakufanyia kazi ya mawili au matatu, mradi mkono wako usiwe na haraka. Mara nyingi tabaka la manjano huwa jembamba na limegundishwa juu ya sleti, usidhani umepunjwa. Lile la buluu linalochimbwa pamoja nalo ni la bei nafuu zaidi, lakini usilinunue ukitegemea likupe makali ya mwisho.

Na usilipie umbo. Vipande visivyo na pembe nne sawa, ambavyo wauzaji huviita "bout", ni jiwe lilelile kwa pesa pungufu. Wembe ni mwembamba, na kipande chenye upana wa milimita 40 kinautosha.

La pili ni Arkansas ya Marekani, kutoka milima ya Ouachita. Ni novakulaiti, yaani karibu silika tupu. Hupangwa kwa msongamano, kuanzia laini hadi ngumu. Kwa wembe chukua ile inayopitisha mwanga au ile nyeusi. Hizo laini waachie wenye visu. Ni jiwe la pole sana, utapitisha wembe mara 50, hata 100, kabla hujaona tofauti. Ila ukishalisawazisha, linabaki bapa miaka na miaka. Kusawazisha ndiko kwenye jasho: jiwe jipya mara nyingi huja na alama za msumeno, na msasa wa kawaida hulichokea upesi, kwa hiyo tumia unga wa silikoni kabaidi juu ya kioo kinene. Fanya hivyo likiwa limelowa, kamwe si likiwa kavu, maana vumbi la silika huharibu mapafu. Unaweza kunolea kwa mafuta au maji ya sabuni.

Mawe ya Japani kutoka Kyoto, kama ya Nakayama na Ozuku, nayaweka ya tatu, na najua kuna watakaonikasirikia. Makali yake ni ya ajabu, sikatai. Tatizo ni ununuzi. Mhuri hughushiwa, na jiwe linalosifiwa kwa visu vya jikoni linaweza kuwa laini mno kwa wembe. Nunua kwa mtu aliyelijaribu jiwe hilohilo kwa wembe. Ukipata gumu, hakikisha una nagura, kijiwe cha kutolea tope.

La nne ni la Thuringia, Ujerumani, hasa lenye lebo ya Escher, kampuni ya zamani iliyoyauza mawe hayo. Kwa ulaini wa kunyoa pengine ndilo bora kuliko yote, lakini machimbo yalishafungwa, kwa hiyo unanunua kitu cha kale na sehemu ya pesa inakwenda kwenye karatasi ya lebo. Niliwahi kununua kipande cheusi kwa kutazama picha tu, nikiapiwa ni cha huko. Kilinikwaruzia wembe mzuri. Mbuzi kwenye gunia, na gunia nililipia mwenyewe.

Mwenye mfuko mwembamba achukue jiwe la Guangxi, China. Ni gumu, mara nyingi kubwa, na polepole kupita kiasi. Lianze na tope, malizia kwa maji. Sleti za Wales nazo zipo. Baadhi ni nzuri, nyingine ni za kuzuia mlango.

Jiwe likifika, lilowanishe, nyufa zitajitokeza kama mistari. Pitisha ukucha juu ya kila mstari: usiponasa, ni rangi tu. Ukinasa, wembe nao utanasa, lirudishe. Ndiyo maana nauliza masharti ya kurudisha kabla ya kuuliza bei. Kisha chora miraba kwa penseli juu ya uso wote na ulisugue jiwe kwenye kioo chenye unga ule mpaka alama zote zifutike. Zinazobaki katikati zinaonyesha bonde. Kwa jaribio la kwanza tumia wembe unaoujua tayari, na mkanda wako wa ngozi uleule wa kumalizia makali, ili ukiwashwa shavuni ujue lawama ni ya jiwe.