Siku ya Mwisho ya Mnada wa Novemba, Keeneland: Tulivyonunua Farasi Jike kwa Dola 4,500

Wengi wetu tunaozungumza Kiswahili hapa Lexington, Kentucky, tunapita mbele ya Keeneland, uwanja wa mbio na minada ya farasi, kila tukienda kumpokea mgeni uwanja wa ndege, kwa sababu viwanja hivyo viwili vinatazamana kwenye barabara ya Versailles. Tunaona kuta za mawe na nyasi zilizokatwa vizuri, tunasema hapo ni pa matajiri, tunaendelea na safari. Mimi huu ni mwaka wangu wa tisa kwenye mazizi ya farasi, na kwa muda mrefu nimekuwa nikiingia Keeneland nimeshika kamba ya farasi wa mtu. Novemba iliyopita niliingia na hela yangu mfukoni. Tulikuwa watatu: mimi, shemeji yangu, na ndugu mmoja tuliyeishi naye kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania. Tulichanga dola 6,000. Tulitoka na farasi jike mwenye mimba kwa dola 4,500.

Naandika kwa ajili ya mtu wa kwetu anayefanya kazi hii na anayejiuliza kama mnada ule unamfaa. Unamfaa sana. Kuingia ni bure, na hakuna atakayekuuliza umetoka wapi. Ila nenda siku za mwisho, na kabla ya kwenda piga hesabu ya mwaka mzima unaofuata, maana bei ya mnadani ni kipande kidogo tu cha gharama.

Mnada wa Novemba ni wa majike ya kuzaa pamoja na watoto wa farasi waliozaliwa mwaka huo. Unaendelea zaidi ya wiki nzima. Katalogi imegawanywa vitabu, na kitabu cha kwanza ndicho cha wenye majina. Mwaka 2007 jike aitwaye Playful Act aliuzwa hapo kwa dola milioni 10.5, akanunuliwa kwa ajili ya Sheikh Mohammed wa Dubai. Mwaka uliofuata, kwenye mnada wa Fasig-Tipton, kampuni nyingine ya minada, hapa hapa Lexington, Better Than Honour alifika milioni 14. Huyo alikuwa amezaa Jazil na Rags to Riches, watoto wawili walioshinda mbio za Belmont Stakes mfululizo, 2006 na 2007. Tumbo lile ndilo lililolipiwa.

Sisi wa mazizini, jike tunayemtaja zaidi ni Leslie's Lady. Novemba 2006 alipita Keeneland akiwa na miaka 10, ana mimba, akanunuliwa na shamba la Clarkland Farm kwa dola 100,000. Kwa mtu kama mimi hizo ni hela nyingi, lakini kwenye mnada ule ni bei ya kawaida tu. Wakati huo mtoto wake Into Mischief, dume nitakayemrudia mbele, alikuwa bado mdogo, hajakimbia hata mara moja. Baadaye jike huyo akamzaa Beholder, aliyeshinda mbio tatu za Breeders' Cup, mashindano makubwa ya huku, kisha Mendelssohn, aliyeuzwa akiwa na mwaka mmoja kwa dola milioni 3. Wote waliokuwa ukumbini siku ile walisoma ukurasa ule ule wa katalogi.

Basi ukurasa unausomaje? Juu kuna baba na mama wa jike. Chini yake kuna mama, bibi, na mama wa bibi, kila mmoja na watoto wake. Walioshinda mbio kubwa wanaandikwa kwa wino mzito. Mgeni anadanganyika na wino mzito, akilipia ushindi wa mtoto wa shangazi wa bibi. Baba yangu alifuga ng'ombe kwenye milima ya juu ya Uvira, Kongo, na hakuwahi kununua mtamba bila kumwona mama yake amesimama na ndama wake. Mimi nasoma hivyo hivyo: jicho langu linaanza kwa jike mwenyewe, miaka aliyoshika mimba, miaka aliyokosa, na watoto wake wamefanya nini. Wino wa bibi nausoma mwisho.

Hapo ndipo tulipokaribia kuumia. Siku moja kabla ya kununua tulimpenda jike wa miaka tisa kwenye banda la wakala mmoja anayewauzia wenye farasi, ambaye sitamtaja. Kwenye historia yake kulikuwa na mwaka mmoja bila mtoto. Nilimuuliza wakala, akajibu haraka kwamba mwenye jike aliamua kumpumzisha. Kijana aliyeshika kamba alikuwa Mguatemala, na Kihispania nilikijua kabla ya Kiingereza, kwa sababu ndiyo lugha ya mazizi mengi ya hapa. Tulipokuwa tukimrudisha jike ndani nilimuuliza kwa upole. Akashusha sauti: mimba ilitoka mwezi wa tisa, na mtoto wa kabla yake alizaliwa dhaifu. Nilimshukuru, nikaenda kukaa kwenye ngazi. Shemeji alitaka tuendelee kwa sababu bei ingekuwa nzuri. Nilimwambia shemeji, tumetoka mbali na hizi hela.

Yule tuliyemnunua tulimkuta asubuhi ya siku ya mwisho. Baridi ilikuwa kali, mabanda mengi yamefungwa, na waliobaki walikuwa watu wa magari ya kazi na buti zenye tope. Namba yake ilibandikwa nyongani kama ya wenzake wote. Miaka 11, rangi ya kahawia, watoto watatu, mmoja ameshinda mbio ndogo mara mbili. Nilimwomba mshikaji amtembeze aende moja kwa moja na kurudi, nikachuchumaa mbele. Mguu wa kushoto wa mbele ulikuwa unapinda nje kidogo. Kwa farasi wa kukimbia ningesita. Kwa mama ambaye watoto wake wawili wamekwisha kukimbia wakiwa wazima, niliona ni dosari ninayoweza kuishi nayo. Kisha nikapita nyuma, na kwa ruhusa nikamwinua mkia. Wengi wanaona haya kuangalia hapo, na hapo ndipo penyewe. Jike mzee mwembamba, uke wake hulala kwa kuelekea ndani, kinyesi na hewa vikaingia, uambukizo ukafuata na mimba ikatoka. Wa huyu ulikuwa wima na umeshonwa vizuri sehemu ya juu, kama madaktari wa mifugo wanavyofanya kuzuia. Mshono ulikuwa safi, wa mtu anayejali. Cheti cha daktari kilionyesha mimba ipo, na daktari tuliyemlipa akatuthibitishia.

Ukumbini viti vilikuwa vitupu zaidi ya nusu. Dalali anaimba bei kwa kasi ambayo mgeni haifuati, lakini wasaidizi wake wanasimama kwenye njia, wanakutazama, na ukitikisa kichwa kukubali mmoja wao anapaza sauti. Tulianza elfu moja. Bwana mmoja mwenye kofia upande wa pili alitufuata hadi elfu nne. Shemeji alinishika mkono. Nikatikisa kichwa mara moja zaidi, nyundo ikagonga, na kabla sijapumua binti mmoja alikuwa mbele yangu na karatasi ya kusaini. Jambo hili lishikeni: nyundo ikigonga, farasi ni wako na hatari ni yako. Akivunjika mguu akirudi bandani, umevunjikiwa wewe. Bima ipangwe mapema.

Huduma yao naipa nyota tano kwa utaratibu. Namba, saa, foleni ya farasi, ofisi ya malipo, kila kitu kinakwenda kama kilivyoandikwa, na karani aliyepokea hundi yetu alituhudumia kwa heshima ile ile aliyompa mzee tajiri mbele yetu.

Sasa hesabu. Kulisha na kutunza jike kwenye shamba la hapa, dola 35 hadi 45 kwa siku si ajabu. Mwajiri wangu alitukubalia bei ya mfanyakazi, dola 22. Hiyo peke yake ni dola 8,030 kwa mwaka, karibu mara mbili ya bei ya jike. Ongeza kwato, minyoo, chanjo na daktari. Bila bei ile ya mfanyakazi tusingeweza, na sitamshauri mtu yeyote aingie akiwa hana pa kumweka farasi wake.

Mimba ya farasi ni siku kama 340. Ukitaka mtoto kila mwaka unabakiwa na siku 25 hivi baada ya kuzaa za kumpandisha na kumshikisha mimba. Tena farasi wote wa mbio wa huku wanahesabiwa kuwa wamezaliwa Januari 1, kwa hiyo mtoto wa Mei atashindana na wa Februari kana kwamba ni pacha. Ndiyo maana usiku wa Desemba utaona taa zinawaka mazizini: jike asiye na mimba akipata mwanga wa saa 16 kwa siku, mwili wake unadhani majira ya kuchipua yamefika, anaanza joto mapema. Na kupandikiza mbegu kwa mrija hakuruhusiwi kwa farasi hawa wa mbio, waitwao Thoroughbred. Lazima jike apakiwe garini, na mtoto wake ubavuni, apelekwe kwa dume.

Dume yupi? Hapo tulibishana kwa wiki tatu. Shemeji alitaka dume mpya wa mwaka wa kwanza, kwa sababu wanunuzi wanawapenda: hakuna mtoto wao aliyekwisha kushindwa. Mimi nilitaka dume wa mwaka wa tatu au wa nne, ambaye bei ya kumpandishia imeshuka kwa sababu watu wanasubiri watoto wake wakimbie. Nilimkumbusha Into Mischief, yule mtoto wa Leslie's Lady. Alianza kwa dola 12,500 mwaka 2009, akashuka hadi 7,500, watu wakampita. Kufikia mwaka 2022 kumpandishia kulikuwa dola 250,000. Bila shaka kwa kila Into Mischief kuna madume wengi walioshuka wakabaki chini, na shemeji hakuacha kunikumbusha hilo. Kilichoamua ni jike mwenyewe. Ana kifua kipana na miguu mifupi, kwa hiyo tulitafuta dume mrefu, mwenye mguu wa mbele ulionyooka kabisa, wa dola 5,000. Mkataba wake unasema tutalipa mtoto akizaliwa hai, akasimama na kunyonya.

Ile mimba tuliyoinunua ilizaliwa Machi. Tulikuwa tumemwondoa mama malishoni kwenye nyasi za fesku miezi mitatu kabla, maana nyasi hiyo ikiwa na kuvu wake hukausha maziwa na kunenepesha kondo. Jioni ile niliona nta kwenye chuchu, dalili kwamba kuzaa kumekaribia, nikabaki. Saa nane na dakika arobaini usiku mtoto alitoka, jike, kahawia kama mama, na alama nyeupe usoni ndogo kama ukucha. Alijaribu kusimama mara nne akaanguka. Mara ya tano alisimama, miguu imetanuka, akatafuta chuchu kwenye goti la mama, kwenye tumbo, kwenye mkono wangu, kisha akaipata. Nilikuwa nimemtazama mguu wa kushoto wa mbele kabla hajakauka. Umenyooka.

Mama ameshika tena. Shemeji anataka tumpeleke mtoto mnadani Novemba hii, kwa sababu hela inahitajika. Mimi bado sijasema ndiyo. Fomu ya kumwandikisha iko juu ya friji, na kila tukikaa kula mmoja wetu anaiangalia.