Hadithi 14 za ajabu: kitabu nimekipenda, cha kusikiliza kimeniudhi

Mimi si mtu wa hadithi za kutisha. Damu nyingi hunichosha kabla haijaniogopesha. Mkusanyo huu niliununua kwa sababu ya hadithi ya kwanza, ambayo waliiachia bure: mama amekufa, lakini kila alfajiri anaamka kulalamika kwamba jeneza linambana mabega. Wanawe hawashtuki hata kidogo; wanagombana tu nani atoe pesa ya kununua kubwa zaidi. Nilicheka peke yangu mpaka mstari wa mwisho, pale kitinda mimba anapouliza mbona siku hizi mama anawaita kwa majina wasiyoyajua. Kicheko kikakatika hapo hapo.

Mwandishi anayeanza na radi na popo anakupa muda wa kujikunyata. Huyu anakuwekea ugomvi wa kifamilia, unajiachia, kisha anakugeuzia kibao.

Edgar Allan Poe, mwandishi Mmarekani wa hadithi za kutisha, aliandika mwaka 1842 kwamba hadithi ya namna hii isomwe kwa kikao kimoja, kati ya nusu saa na saa mbili, kwa kuwa ukiiweka chini shughuli za dunia zinaivuruga. Nilidhani ni maringo ya waandishi. Basi nikaikatisha katikati ile ya mpelelezi anayechunguza kifo chake mwenyewe, nipokee simu. Niliporudi ubaridi wote ulikuwa umekwisha, nimebaki kuhesabu dalili kama mtu anayejaza fumbo la maneno. Ikabidi nianze upya.

Mbili tatu ni za kujazia kurasa. Moja, ya kisima kinachorudisha vitu vilivyopotea, ilikuwa inakwenda vizuri sana hadi mwandishi akaingiwa na huruma na kutufafanulia kila kitu katika aya mbili za mwisho. Kwa nini? Mwandishi Mmarekani Shirley Jackson alipochapisha hadithi yake ya bahati nasibu katika jarida la The New Yorker mwaka 1948, alipokea barua zaidi ya 300, wengi wakitaka waambiwe maana yake. Hadithi yenyewe haikuwaambia, na hadi leo inasomwa.

Sasa kitabu cha kusikiliza, nilichokilipia kando. Msomaji anatabasamu kila akikaribia mzaha, unasikia kabisa, wakati mzaha wa aina hii unataka mtu asiyejua kwamba amechekesha. Na kabla ya kila tukio baya kinaingia kinanda, kana kwamba kuna mtu anakugusa bega akikuambia jiandae. Niliomba nirudishiwe pesa. Baada ya wiki mbili likaja jibu la kunitakia usikilizaji mwema.

Kitabu nyota nne, sauti nyota moja. Kisome kwa macho yako, saa yoyote, ila ile ya jeneza uiache kama kitanda chako ni chembamba.