Waridi la jangwani: bustani ya miche ya Barabara ya Bagamoyo

Anayetafuta waridi la jangwani hapa Dar namwelekeza kwenye bustani ya miche iliyo kando ya Barabara ya Bagamoyo, ukishapita Mbezi Beach kuelekea Tegeta, ile yenye mianzi mbele. Nawasifia kwa jambo moja kubwa: wanaujua mmea wanaouuza.

Nilipochagua wangu, kijana wa pale hakutaja bei kwanza. Aliuliza, “Mama, maua yako ya nyumbani unamwagilia kila jioni?” Nikamjibu ndiyo. “Basi huu usiuchanganye nayo.” Akaufungua kiriba nione udongo wake: mchanga wa mto kwa wingi, kokoto ndogo, samadi iliyooza kiasi kidogo. Wauzaji wengi mjini wanaushindilia udongo mweusi unaonata, na masika ya Machi hadi Mei yakija unaoza. Jua la Dar halina shida nao hata kidogo, tena uweke palepale linapochoma. Maji yakituama ndipo shina lile nene la chini, ambalo ndilo ghala lake la maji, linalainika na kunuka. Usipowahi kukata palipooza, umeupoteza. Mimi namwagilia udongo ukishakauka kabisa, na mvua zikianza nauingiza barazani. Kwa mtaa kama wetu wa Sinza, ambako maji ya bomba huja kwa zamu, ua la namna hii ni neema.

Napendekeza miche yao ya mbegu, Sh 15,000. Inavimba shina tangu midogo. Ile ya kukata tawi na kuchomeka hurefuka tu, hainenepi vile. Ila kwenye rangi wawe wakweli zaidi. Niliuziwa mwekundu, ukachanua rangi ya waridi, katikati weupe. Mche wa mbegu haufuati lazima rangi ya mama yake. Mwenye rangi yake moyoni achukue wa kubebeshwa, yaani uliounganishwa tawi la mmea wenye rangi hiyo, Sh 40,000 pale. Nimeipenda niliyoipata, maana inafanana na ile ya porini kwetu Afrika Mashariki, lakini hayo nilistahili kuambiwa kabla ya kulipa.

Vyungu vyao vya saruji vilivyochorwa ni vizuri sana kwa macho, na vingine havina tundu chini. Usinunue bila kugeuza na kutazama. Kwa mmea huu chungu kisicho na tundu ni hukumu ya kifo.

Jambo linaloniudhi kweli ni sumu. Utomvu wake ndio Wahadzabe wa Ziwa Eyasi wanaoupaka kwenye mishale ya kuwindia. Mimi niliambiwa ninawe mikono nikishapogoa, vizuri. Lakini dada aliyekuwa mbele yangu, kabeba mtoto wa kutambaa, aliondoka na miche miwili bila neno lolote. Hilo wamwambie kila mteja, na mwenye mbuzi vilevile.

Kupeleka nyumbani wanakupangia bajaji, unaelewana na dereva mwenyewe. Wangu ulifika haujavunjika tawi. Ukichukua zaidi ya mmoja wanapunguza bei, na omba wakufungie na mfuko wa ule mchanga waliochanganya; mimi nilipewa bure.