Nilinunua almasi isiyo na cheti kwa pete ya uchumba: uzoefu wangu

Nianze na jiwe lenyewe. Ni almasi ya mkato wa duara, nyeupe yenye unjano wa mbali sana, uzito karati 0.51 (karati ya vito ni gramu 0.2), kipenyo milimita 5.1 na ushee. Imefungwa kwa kucha sita, yaani vijino vya dhahabu vinavyolishika jiwe, kwenye pete ya dhahabu ya karati 18. Nilinunua kwa sonara mmoja wa Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam. Jina la duka sitalitaja, mbele mtaona kwa nini. Jiwe peke yake lilinigharimu milioni mbili na laki moja baada ya kuvutana sana. Dukani kwingine, jiwe la ukubwa huohuo na sura inayokaribiana, lenye cheti cha maabara ya GIA, nilitajiwa milioni tatu na laki sita, na muuzaji hakushuka hata shilingi.

Je, ilifaa? Kwa ukubwa huu, ndiyo, kwa sababu jiwe lilitoka dukani likapimwa na mtu mwingine kabla pesa yangu haijaingia kwenye droo. Bila hilo nisingenunua, hata kwa nusu ya bei.

Tuondoe kwanza mkanganyiko wa karatasi, maana kila duka nililoingia walikuwa na "cheti" cha aina yake. Duka moja lilinipa kadi nzuri yenye muhuri wa dhahabu, imeandikwa uzito, rangi na usafi. Kadi hiyo wameichapa wenyewe. Haina tofauti na risiti, ila ni nzuri zaidi. Duka jingine kijana wa mauzo aliniambia mawe yao yote yana "cheti cha Kimberley", akalitamka jina hilo kwa heshima zote. Mpango wa Kimberley ulianza 2003 ili kuzuia almasi za vita, zile zinazouzwa na waasi kugharamia mapigano, zisiingie sokoni, na vyeti vyake husafiri na shehena za almasi ghafi zinapovuka mipaka ya nchi. Jiwe likishakatwa na kusuguliwa, Kimberley haina habari nalo. Haisemi kama ni jeupe au la njano, safi au limejaa mawingu. Cheti chenye uzito ni ripoti ya maabara isiyouza mawe, kama GIA ya Marekani, ambayo huandika vipimo, rangi kuanzia D (jeupe kabisa) hadi Z (lenye unjano), usafi, na asili ya jiwe. Mara nyingi namba ya ripoti huchongwa kwa leza kwenye kiuno cha jiwe, yaani ukingo wake mpana zaidi, ndogo kiasi kwamba huioni bila lenzi.

Sonara wangu hakuwa na hata kimoja kati ya hivyo. Ni mzee wa siku nyingi kwenye kazi hiyo, na nilipomuuliza alicheka.

"Kijana, cheti hakivaliwi kidoleni."

"Ni kweli mzee, lakini bei yako imekivaa."

Hapo ndipo tulipoanza kuelewana. Alikuwa ametaja bei ya jiwe la rangi G lenye usafi wa VS1, yaani lenye kasoro ndogo sana. Inawezekana ni kweli, macho yake yameona mawe mengi kuliko yangu. Lakini asiye na karatasi ya kumtetea hawezi kuuza kwa daraja analojipa mwenyewe. Nilimwambia nitalipa kama ni J na SI2, yaani daraja la chini kabisa ambalo bado ningelikubali kwa macho, na likija kuwa bora zaidi ya hapo itakuwa bahati yangu. Alinuna, akaagiza chai, akapunguza. Ukienda kununua jiwe la namna hii, hilo ndilo la kushikilia. Usibishane naye kuhusu daraja, kwa sababu hutashinda. Bishana kuhusu nani anabeba hatari.

Mjomba wa mchumba wangu, mtu wa Shinyanga, alinishangaa kwa nini nahangaika na masonara wa mjini wakati Maganzo ipo. Maganzo ni mji mdogo jirani na mgodi wa Mwadui, pale ambapo Mkanada John Williamson aligundua almasi mwaka 1940, na hadithi za mawe ya bei chee kule haziishi. Nilimjibu kwa adabu kwamba kununua almasi ghafi bila leseni ya biashara ya madini ni kosa la jinai, na sikutaka kuvalisha pete nikitokea mahabusu. Halafu hata ungekuwa na leseni, jiwe ghafi si jiwe la pete. Ile almasi maarufu ya waridi iliyotoka Mwadui 1947, Williamson akampa Princess Elizabeth wa Uingereza kama zawadi ya harusi, ilikuwa na karati 54.5 ilipookotwa. Ilipomaliza kukatwa zilibaki 23.6. Zaidi ya nusu ilikwenda kuwa vumbi, tena mikononi mwa mafundi bingwa. Jiwe dogo la Maganzo lenye ufa usiouona linaweza kukuishia lote.

Sasa upimaji, ambao ndio uliokula muda wangu.

Achana kabisa na kipimo cha kukwaruza kioo. Zirkonia, jiwe bandia la bei rahisi linalofanana na almasi, inakwaruza kioo, na kwatzi ya kawaida inakwaruza kioo pia. Kupuliza pumzi ili uone ukungu unapotea haraka kiasi gani kunakupa fununu tu. Kwa jiwe ambalo halijafungwa kwenye pete, kipimo cha bei rahisi na cha kuaminika dhidi ya zirkonia ni mizani pamoja na rula ya vernier, ile inayopima hadi sehemu ndogo za milimita. Zirkonia ni nzito sana kuliko almasi. Jiwe la duara la milimita 5.1 likiwa almasi litacheza kwenye nusu karati, yaani gramu 0.1 hivi. Likiwa zirkonia litagonga karati 0.8 na zaidi. La kwangu lilisoma 0.51, basi habari ya zirkonia ikaisha hapo hapo kwenye kaunta.

Moisanaiti, jiwe jingine la kutengenezwa linaloiga almasi, ni mjanja zaidi. Uzito wake unakaribia wa almasi, na ile testa ya almasi yenye ncha inayolia pii, ambayo kila sonara anakuonyesha kwa kujiamini, hupima jinsi joto linavyopita. Moisanaiti hupitisha joto vizuri, kwa hiyo testa ya aina ya zamani huiitikia kama almasi. Zipo testa mpya zinazopima na umeme, uliza ipi unayowekewa. Mimi niliomba lenzi ya kukuza mara kumi, nikaliinamisha jiwe na kulitazama kwa pembeni kupitia nyuso za juu, yaani zile sehemu bapa zilizokatwa. Moisanaiti huonyesha mistari ya nyuso za chini ikiwa miwili miwili, kama unavyoona mambo ukiwa umeelemewa na usingizi. Kwenye jiwe langu kila mstari ulikuwa mmoja. Nikaona pia doa dogo jeusi karibu na ukingo na kijiwingu chembamba kama unyoya pembeni yake. Sonara aliona aibu kidogo. Mimi nilifurahi, kwa sababu nilichora ramani ya hizo kasoro kwenye daftari na kupiga picha kupitia lenzi kwa simu. Ripoti kamili ya maabara inakuchorea ramani kama hiyo, na faida yake ni kwamba jiwe likirudi kutoka kwa fundi wa kufunga utajua kama ni lilelile.

Lakini hofu ya zirkonia na moisanaiti ni hofu ya zamani. Linalotisha sasa ni almasi ya maabara, yaani iliyotengenezwa na binadamu. Hiyo ni almasi kweli, kaboni tupu, ugumu uleule, uzito uleule, testa inalia, na lenzi yako ya mara kumi haikuambii chochote cha uhakika. Zimekuwa zikitengenezwa tangu miaka ya 1950 kwa matumizi ya viwanda, na sasa wanatoa mawe meupe ya vito, kwa mgandamizo mkubwa na joto, au kwa kukuza kaboni tabaka kwa tabaka kutoka kwenye gesi. Bei yake imeporomoka hadi kuwa sehemu ndogo ya bei ya almasi ya ardhini. Sina ugomvi na anayeinunua akijua. Rafiki yangu amemvisha mkewe ya karati mbili, inawaka utadhani taa ya jukwaani, na alilipa chini ya nilicholipa mimi. Tatizo ni kuuziwa hiyo kwa bei ya ile. Kwa jiwe lisilo na cheti huo ndio mwanya mkubwa kuliko yote, na sonara mwenyewe anaweza kuwa ameuziwa bila kujua. Daraja la rangi unaweza kubahatisha kwa macho. Asili ya jiwe huwezi.

Kwa hiyo nilimwomba mzee aniruhusu nilipeleke jiwe kwa mthamini wa vito ambaye hauzi mawe. Niliacha dhamana ya fedha taslimu sawa na bei tuliyopatana, tukaandikishana karatasi yenye uzito, vipimo na ramani yangu ya madoa, tukasaini sote wawili. Maduka mengine mawili yalikataa katakata, na ndiyo sababu sikununua huko. Mthamini alikuwa na mashine ndogo ya uchunguzi. Alinieleza hivi: almasi nyingi mno za ardhini zina naitrojeni iliyojikusanya ndani yake kwa muda mrefu mno, na naitrojeni hiyo humeza miale ya urujuanimno ya mawimbi mafupi. Almasi nyeupe za maabara kwa kawaida hazina mkusanyiko huo, miale inapita. Jiwe likimeza, karibu hakika ni la ardhini. Likipitisha, linaweza kuwa la maabara, au likawa mojawapo ya yale machache ya ardhini yasiyo na naitrojeni, na hapo ni lazima liende maabara kubwa. La kwangu lilimeza. Alinitoza elfu themanini.

Kumbe ule unjano wa mbali niliokuwa nautumia kumbana mzee kwenye bei unatokana na naitrojeni hiyohiyo. Tangu siku hiyo, nikionyeshwa jiwe lisilo na karatasi ambalo ni jeupe pepe na safi kabisa, tena kwa bei ya huruma, nafunga mdomo na kutoka. Na kama dhahabu yako ni ya njano, unjano kidogo wa jiwe hauonekani kabisa ukishafungwa. Mchumba wangu hakuuona mpaka nilipomwonyesha juu ya karatasi nyeupe, na akaniuliza kwa nini nimemwonyesha.

Ningefanya vivyo hivyo kwa jiwe la karati moja? Hapana. Kwa nusu karati, ada ya maabara, usafirishaji wenye bima hadi nje na kusubiri vinakula kipande kikubwa cha thamani ya jiwe, kwa hiyo kuyauza bila cheti kuna mantiki. Kwenye karati moja na kupanda, hatua moja ya rangi au usafi inaweza kubeba pesa kuliko gharama yote ya cheti, na muuzaji asiyetaka kulipeleka jiwe kama hilo maabara ana sababu zake.

Baada ya pete kufungwa nililikagua kwa lenzi na daftari mkononi. Doa lilikuwepo, nusu limefichwa chini ya ukucha mmoja, na kwa hilo namsifu fundi. Kwenye kucha zenyewe simsifu. Miezi michache tu baada ya kuvalishana pete, ukucha mmoja ukaanza kunasa nyuzi za kanga. Nilirudi dukani. Mzee hakuwepo, na mwanawe akataka nilipie marekebisho kama mteja mpya, eti mvaaji ameigonga mahali. Tulibishana mbele ya wateja, sikupenda. Kwa ununuzi wa jiwe nawapa nyota tano, kwa huduma ya baadaye nawapa mbili.

Niliipeleka kwa sonara mwingine Kariakoo, akaukaza ukucha kwa elfu thelathini nikiwa nimekaa. Kwa udadisi nikamuuliza angeinunua kwa shilingi ngapi. Akapima pete yote, akakadiria uzito wa jiwe na kuutoa, akataja bei ya dhahabu kama ilivyokuwa sokoni siku hiyo. Kwa jiwe, laki tano. Nikamwambia nimelinunua zaidi ya milioni mbili. Hakushtuka. Nikamuuliza, na lingekuwa na cheti? Akafikiri, akalitazama tena kwa lenzi yake.

"Laki nane," akasema, "na hapo ni kwa sababu ningeliuza haraka."