Mtumbwi wa Kununua Ukiwa Mkazi wa Dodoma

Chombo utakachonunua Dodoma kitakaa nchi kavu siku nyingi kuliko majini. Wiki nzima kiko uani Kisasa au Nkuhungu, jua linakipiga, kisha Jumamosi alfajiri kinafungwa kwenye keria kwenda bwawa la Hombolo, au la Mtera kwa wenye muda, maana Mtera ni zaidi ya kilomita 100 kwa barabara ya Iringa. Kwa hiyo nimevipanga vyombo hivi kwanza kwa namna vinavyostahimili uani na barabarani, halafu ndiyo nikaangalia vinavyoelea.

Namba moja ni kayaki ya plastiki ngumu, ile ya kukalia juu, isiyo na tundu la kuingiza miguu. Ya mtu mmoja, yenye urefu wa mita 3 hivi, huwa na kilo 20 hadi 30, na watu wawili wanaipandisha kwenye gari bila shida. Ikipinduka haijai maji. Unaigeuza na kupanda tena. Ikigonga kisiki inachubuka tu, na hilo si dogo kwa anayekwenda Mtera. Bwawa lile lilipojaa lilimeza pori, na hadi leo miti iliyokufa imesimama majini. Kiangazi maji yakipungua, visiki vilivyokuwa kina kirefu vinabaki kiganja kimoja tu chini ya uso wa maji, wala huvioni mpaka umevipanda.

Adui wa plastiki ni jua. Ukipata ya mtumba, pitisha kiganja mgongoni mwake: ukitoka na unga mweupe kama wa chaki, jua limeshaila, iache. Kisha fungua kizibo, mimina ndoo ya maji ndani, funga, iinue upande mmoja kisha mwingine juu ya ardhi kavu. Vumbi la Dodoma litakuonyesha tone lolote linalotoka. Muuzaji akikataa jaribio hili, rudi nyumbani na hela yako. Ukishanunua, iweke kivulini, kifudifudi.

Namba mbili ni ya faiba. Inakwenda mbio kuliko ya plastiki na inapasuka upesi zaidi. Fundi wa faiba anaweza kuiziba vizuri kabisa, ila kwa visiki vya Mtera siipendekezi. Kwa Hombolo, sawa.

Mtumbwi wa mbao, kama wanaotumia wavuvi, ndio ninaoupenda kuliko vyote, na inaniuma kuuweka wa tatu. Umetulia majini, unabeba familia na chakula chao, na ukiharibika hukosi fundi kandokando ya bwawa. Lakini mbao zake zinataka maji. Wangu niliuleta mjini mwezi wa sita, nikauegemeza ukutani. Mwezi wa tisa nilipouinua niliona mwanga ukipita katikati ya mbao, na pamba ya kalafati, ile ya kuzibia mianya ya mbao, inaning'inia kama nyuzi za shuka kuukuu. Niliushusha Mtera, ukaingiza maji kwa kasi kuliko nilivyoweza kuyafua. Mzee mmoja mvuvi akaniambia, "Uzamishe hapo kwenye maji mafupi, mwanangu, ulale humo. Mbao zitavimba zenyewe." Baada ya usiku mbili ulikuwa umejifunga kwa sehemu kubwa, tukakalafati palipobaki.

Basi kama una mwenyeji kando ya bwawa atakayekutunzia chombo majini, ipandishe mbao iwe namba moja. Kabla ya kulipa, choma ncha ya kisu kwenye mkuku, ule ubao wa uti chini ya chombo, na kuzunguka misumari. Kisu kikizama kama kwenye andazi, ubao umeoza hata kama rangi ni mpya.

Mtumbwi wa kuchonga kutoka gogo moja ni namba nne. Ni mzito mno kwa keria, unapasuka ukikaa juani, na unamaliza mti mzima mkubwa katika mkoa wetu huu wenye miti mikubwa ya kuhesabika. Tuwaachie wanaoutegemea kuishi.

Wa mwisho ni wa kujaza upepo. Najua unavutia: unakunjwa, unaingia kwenye buti. Lakini ufukwe wetu una miiba ya migunga. Nilishawahi kuuburuta hatua kumi tu kutoka garini, nikasikia mluzi mwembamba; mwiba mweupe, mrefu kama kidole cha mtoto, ulikuwa umeingia wote. Tena ni mwepesi mno kwa upepo wetu wa kiangazi. Mchana upepo ukianza kuvuma unakusukuma kama karatasi, na unaweza kupiga kafi nusu saa usisogee.

Usimalize hela yote kwenye chombo. Jaketi okozi ni la kila mtu, la kumtosha yeye: mvalishe mtoto, livute mabegani kwenda juu, likimpita masikio, ni kubwa. Kafi ya kayaki iwe ya ncha mbili, sentimita 220 hadi 240. Ya mtumbwi, yenye ncha moja, isimame chini na kukufikia kidevuni.

Na Mtera kuna viboko na mamba. Kila mara, kabla hujashusha chombo, waulize wavuvi waliotoka usiku viboko wamelala upande gani leo, uende upande mwingine.