Surround Master na santuri za SQ: nimezisikia saa zikilia nyuma ya kochi

Wenye santuri za miaka ya 70 ndani, hebu geuza jalada uangalie kama pameandikwa quadraphonic (yaani sauti za chaneli nne, kwa spika nne), au SQ, QS, CD-4, ambazo ni aina zake. Kama ipo basi hii inakuhusu sana, maana Surround Master ni kiboksi cha kufungua hizo chaneli nne kwenye santuri za SQ na QS.

Mi nilirithi kasha zima la baba mdogo, alikua baharia, kila akirudi Dar anashuka na santuri, na kwenye hizo kama kumi na mbili ni za chaneli nne. Yeye mwenyewe mpaka anafariki alizisikiliza kwa spika mbili tu maana mashine ya kuzifungua, dikoda, hakuwahi kuipata, na hicho ndo kitu kilichokua kinaniuma.

Ujanja wa SQ ya CBS na QS ya Sansui ni kwamba sauti nne zimefungwa ndani ya mbili, zile za nyuma zinachanganywa na za mbele kwa kucheza na fezi ya mawimbi, yaani kuyawahisha au kuyachelewesha kidogo, kwahiyo santuri hiyohiyo inapiga kwenye redio ya kawaida bila shida yoyote ila huwezi kujua kuna nini kimefichwa humo. Nikadhani nikichomeka kwenye resiva yangu ya kisasa, ina Atmos (sarandi ya Dolby ya siku hizi) na kila kitu, nikabonyeza sarandi, sauti ya kuzunguka chumba, basi kazi imeisha. Wapi! Sauti ilijaa chumba kweli ila hovyohovyo, kitu kinachotakiwa kiwe nyuma kushoto kinatangatanga mbele. Ule mfumo wa Dolby haujui SQ. Ukiweka QS angalau unaambulia, hasa kwenye resiva zenye Pro Logic II, dikoda ya Dolby ya kutoa sarandi kwenye chaneli mbili, maana njia zao zinakaribiana, lakini SQ inavurugika kabisa.

Ndo nikajichanga nikaagiza Surround Master v2 ya Involve Audio, watu wa Australia. Kiboksi kidogo tu, unaingiza waya mbili, nyekundu na nyeupe, unachagua SQ au QS, nyuma zinatoka chaneli zote kila moja na tundu lake. Sasa hapa ndo msikilize vizuri kabla hamjatoa hela: zinatoka kwa waya za kawaida sio HDMI, na resiva nyingi za siku hizi zimeondolewa yale matundu sita ya kuingizia chaneli mojamoja. Yangu haikua nayo. Nimezunguka Kariakoo siku mbili nageuza resiva migongo, nikapata moja used kutoka Japan kwa laki mbili na themanini, fundi akaniwahi, "kaka usithubutu kuchomeka hii ukutani, ni ya volti 100, utaiua hapohapo". Kwahiyo ongeza na transfoma ya kushusha umeme kwenye bajeti yako. Na pleya yako kama haina priampu ya foni ndani, kile kifaa cha kukuza sauti ndogo ya sindano, utahitaji na hiyo pia, dikoda haipokei waya moja kwa moja kutoka kwenye sindano.

Spika nimetumia nne za saizi moja, moja kila kona, maana waliomiksi enzi hizo hawakuwaza vispika vidogo vya nyuma kama vya hom thieta za leo. Na ukipitia yale matundu sita resiva nyingi hazikurekebishii umbali wa spika, kwahiyo nilipima kwa futi ya fundi mpaka kila kona ikawa sawa na kochi. Kitu kingine, joto la Dar na hewa ya chumvi zimezila santuri zetu, zina ukungu, na dikoda inategemea chaneli mbili zilingane kabisa, vumbi likikaa upande mmoja wa mfereji sauti zinaanza kuhama. Mi naosha kwa maji ya betri, yale yasiyo na asidi, na tone moja la sabuni ya vyombo, nafuta kwa kitambaa laini kufuata mfereji, naacha ikauke kwenye kivuli.

Ya kwanza kuweka ilikua The Dark Side of the Moon ya Pink Floyd ya 1973, ile ya Uingereza ya SQ. Zile saa za kwenye wimbo wa Time alizirekodi Alan Parsons kwenye duka la saa za kale, mojamoja, kwa ajili ya kuonyesha chaneli nne inafanyaje kazi, na miksi ya chaneli nne aliifanya yeye. Nilimwalika mama mdogo aje Sinza, nikamkalisha katikati. Tiki tiki za saa zikaanza, alafu zikalipuka kona zote kwa pamoja, akageuka nyuma kabisa mkono kifuani. Akanyamaza. Baadae akaniuliza, "mwanangu, kumbe hizi zilikua humu siku zote?" Nikamwambia ndio mama, siku zote. Akaniomba nirudishe sindano mwanzo.

Malalamiko? Bei imeuma, sio siri, na kama huna santuri za namna hii usinunue. Santuri zangu za dansi ni mono, yaani za sauti moja, ukiziweka hakuna kinachokwenda nyuma, chaneli zote mbili zinasema kitu kilekile. Na usijaribu kwa faili za mtandaoni zilizobanwa sana, ule ubanaji unaharibu fezi na ndo humo sauti za nyuma zilipo.

CD-4 ya JVC ni habari nyingine, dikoda hii haiigusi. Kule tofauti ya sauti za mbele na za nyuma imepandishwa kwenye mawimbi ya kilohezi 30, huyasikii kwa sikio, unahitaji sindano ya Shibata, iliyochongwa kusoma mawimbi ya juu hivyo, na dimodyuleta yake, mashine ya kuyageuza yawe sauti. Ninazo santuri tatu za hivyo bado zimekaa kimya. Kama kuna aliyewahi kuona dimodyuleta ya CD-4 nzima hapa mjini, hata mbovu inayotengenezeka, naomba aniambie ni duka gani.