Ziara ya baiskeli Bagamoyo na kundi la shule: uzoefu wangu

Walimu wenzangu mnaosoma maoni haya mna bajeti mezani na mkuu wa shule anasubiri jibu, kwa hiyo nalitoa mapema. Ziara ni nzuri na nitaichukua tena, ila kagueni baiskeli kabla ya kulipa, na pale Caravan Serai, kituo cha zamani cha misafara, mwalimu ajiandae kuongezea maelezo yake. Magofu ya Kaole peke yake yanalipa gharama yote.

Nafundisha historia katika sekondari moja ya Dar es Salaam. Bagamoyo tumezoea kwenda kwa basi, na yeyote aliyewahi kusindikiza wanafunzi kwa basi anajua mambo yanavyokuwa: wanashuka, wanapiga picha, wanapanda, wanalala. Ukiwauliza kesho yake Kaole iko upande gani wa mji, wanatazamana. Safari hii tuliwachukua vijana wa palepale Bagamoyo wanaokodisha baiskeli pamoja na waongozaji. Kosta ilitufikisha mjini tukakuta baiskeli zimepangwa karibu na Ngome Kongwe. Akitokea mtu wa kuwashawishi mpige pedeli kuanzia Dar, kataeni. Ni kilomita kama 70, na kuanzia Bunju hadi Kiromo malori na daladala hayamngoji mtoto anayeyumba.

Sasa baiskeli zenyewe. Zilikuwa za gia, breki zinashika, minyororo imepakwa grisi. Helmeti zilitosha ingawa baadhi mikanda yake ilikuwa imefungwa kwa kamba. Tatizo lilikuwa saizi. Karibu zote ni za mtu mzima, na wavulana wadogo walishushiwa viti hadi mwisho bado vidole vikawa vinaigusa ardhi kwa shida. Kwa wasichana ilikuwa mbaya zaidi. Kwenye simu tuliambiwa baiskeli za kike "zipo, Mwalimu, usiwe na wasiwasi". Zilikuwepo kweli, chache za kuhesabika, na wasichana ni zaidi ya nusu ya kundi letu. Waliovaa suruali za michezo chini ya sketi walikabiliana na kile chuma cha juu cha baiskeli za kiume hivyohivyo. Waliobaki ilibidi wangoje mwongozaji mmoja apite nyumba za jirani, akarudi na baiskeli mbili za kuazima, moja ina kapu mbele linalonuka samaki. Nampongeza kwa jitihada, lakini shule inayolipa haipaswi kuanza siku kwa kuazima. Mkiandikiana makubaliano, wekeni idadi ya baiskeli za kike kwa tarakimu.

Kwenye usalama sina lawama. Mwongozaji mmoja mbele, mmoja katikati, na nyuma kabisa fundi mwenye pampu, viraka na solusheni kwenye karia. Miiba ilitutoboa matairi kadhaa na kila mara fundi alikuwa ameshapindua baiskeli kabla mwenyewe hajamaliza kulalamika. Wanafunzi walipangwa mmojammoja upande wa kushoto, na bodaboda walitupigia honi za salamu zaidi ya za hasira.

Kaole iko kama kilomita 5 kusini mwa mji. Tulikwenda msimu wa kusi, upepo unaotoka kusini, na upepo ule ulitupiga kifuani mwanzo hadi mwisho. Kuna minazi, mikorosho, nyumba za hapa na pale, halafu vipande vya mchanga ambavyo lazima ushuke usukume. Hapo ndipo waliojifanya mabingwa mjini walipoanza kuuliza kama bado mbali. Nilinyamaza makusudi, maana nilijua huo upepo tutauhitaji mbele.

Tulipokelewa na mzee anayeangalia magofu. "Shikamoo babu" zikapigwa kwa pamoja, akaitikia, "Marahaba wajukuu zangu. Baiskeli zilazeni kule. Kwenye makaburi ya watu magurudumu hayapiti." Kisha akawatembeza polepole. Kuna mabaki ya misikiti miwili, mkubwa wake wa karne ya 13, umo katika misikiti mikongwe kabisa ya bara upande huu wa Afrika Mashariki. Kuta ni za matumbawe na chokaa, kibla bado unakiona, na kisima kipo. Kuuzunguka kuna makaburi, mengine yana nguzo ndefu za mawe. Kwenye nguzo kama hizo watu wa zamani walikuwa wakipachika vyombo vya kauri kutoka Uchina, na baadhi ya vyombo vilivyopatikana hapo vimewekwa kwenye makumbusho ndogo ya palepale.

Mzee hakuhutubia. Alisimama mbele ya kabati la vyombo akauliza, "Bakuli hili ni la Uchina. Limefikaje kwangu?" Darasani swali hilo hujibiwa kwa wimbo: pepo za msimu, kaskazi inaleta, kusi inarudisha. Nimesahihisha jibu hilo kwenye karatasi nyingi na najua linavyoandikwa bila mtu kufikiri. Safari hii msichana mmoja aliyekuwa bado anajifuta jasho akasema, "Babu, ni upepo huu huu?" Akajibiwa ndio huo, jahazi lililoleta mali kwa kaskazi lilikuwa linaungoja huu ili liondoke. Nilihisi kilomita zote tano zimelipa.

Swali la pili lilikuwa zuri zaidi. "Bandari iko wapi?" Watoto wakageuka kutafuta bahari wakaona mikoko. Kaole ulikuwa mji wa vyombo, lakini mikoko ilisonga mbele, njia ya majahazi ikafungika, na biashara ikahamia Bagamoyo. Mwanafunzi wa basi huambiwa habari hiyo akaandika kwenye daftari. Wetu waliambiwa, kisha wakapanda baiskeli wakaufuata mji ulikohamia, kusi sasa ikiwasukuma mgongoni. Kwa maoni yangu hicho ndicho unacholipia katika ziara hii. Mwendo wa baiskeli ni mdogo kiasi kwamba nafasi kati ya sehemu mbili nayo inakuwa somo, na bado ni mkubwa kiasi cha kumaliza sehemu zote kwa siku moja.

Jambo moja kuhusu adabu. Lipo kaburi la Sharifa ambalo watu hadi leo hulijia kwa dua. Waongozaji walilisema hilo mapema, tena kwa upole, kofia na vichekesho vikabaki nje. Mbuyu nao tuliuzunguka, kama kila mgeni anavyozungushwa ili aongezewe miaka.

Tuliporudi mjini tukaingia Caravan Serai, na hapa ndipo ziara ilipolegea. Mwongozaji aliyekuwa na zamu alieleza minyororo, mnada na machozi, akamaliza. Siipunguzi habari hiyo. Watumwa walipitishwa Bagamoyo, na hata baada ya mkataba wa 1873 uliofunga soko la Zanzibar na kukataza kuwasafirisha kwa bahari, mateso hayakukoma siku hiyo. Lakini ukisikiliza maelezo yale unatoka ukiamini kila aliyeshuka kutoka bara hadi pwani alikuwa kafungwa shingo. Wapagazi wa Kinyamwezi hawakutajwa hata mara moja! Maelfu ya watu waliotembea njia ile kwa ujira, wakilipwa nguo, merikani na vitambaa vingine, wakapatana bei na mwenye msafara kabla ya kuinua mzigo, na wakiona wamedhulumiwa waliweza kuutua njiani. Mizigo ilikuwa ya kama kilo 30 kwa mtu, na pembe za ndovu wakati mwingine zilizidi hapo. Mji huu uliishi kwa miguu yao: walikuja, wakapumzika, wakanunua, wakajiandikisha kwa msafara mwingine.

Basi nikaomba dakika kumi nikaongea mimi. Niliwauliza wametumia muda gani kutoka Kaole, halafu nikawaambia Ujiji hadi Bagamoyo ni kama kilomita 1,200. Kijana mmoja akapiga hesabu: kipande walichotoka kukipiga, mara 240, kwa miguu, na mzigo kichwani. Misafara ilichukua miezi. Ukimya uliofuata sijawahi kuupata darasani. Waandaaji, kama mnasoma hapa, jambo hili halihitaji fedha. Mfundisheni mwongozaji huyo habari za wapagazi.

Ngome Kongwe ya karibu 1860 na Boma la Wajerumani la 1897 tulizipita kwa haraka inayofaa. Wanafunzi walishangaa kusikia mji huu mtulivu ndio uliokuwa makao makuu ya Wajerumani hadi 1891 yalipohamia Dar es Salaam. Kwenye mnara wa kumbukumbu ya walionyongwa walisimama muda mrefu kuliko nilivyotarajia, na jina la Abushiri, kiongozi wa upinzani wa pwani dhidi ya Wajerumani, aliyenyongwa Pangani Desemba 1889, hatimaye lilipata mahali pa kukaa. Waliocheka walicheka kwa Emin Pasha, Mjerumani aliyekuwa gavana huko Sudan Kusini ya leo, mtu aliyefika pwani salama kutoka bara akiwa na mpelelezi Stanley, kisha usiku wa karamu ya kuwapokea hapa Bagamoyo akaanguka kutoka ghorofani. (Hakufa. Waliuliza wote.)

Mchana ulipangwa uwe wali na samaki saa saba. Ulikuja saa tisa. Samaki alikuwa mtamu, sikatai, lakini watoto waliopiga pedeli tangu asubuhi huwezi kuwalisha sifa za mpishi. Waliokuwa na vijisenti walikimbilia wakaanga samaki pale ufukweni, na nadhani ndio waliokula vizuri.

Misheni tuliiacha mwisho, na ndiyo iliyowafurahisha kuliko zote. Unaingia kwa barabara ya miembe iliyopandwa na mapadri karne ya 19, kivuli kizito, ardhi ngumu, na baada ya jua la mchana wote hata wavivu waliongeza kasi. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walifika hapa 1868 wakaanzisha kijiji cha watumwa waliokombolewa. Makumbusho yamepangwa vizuri, na ukiwa na kundi kubwa ligawe mara mbili kwa sababu vyumba ni vidogo.

Chini ya mnara wa kanisa la zamani zamu ilikuwa ya dada mmoja ambaye asubuhi yote alikuwa kimya anasukuma waliochoka. Akaanza hivi: "Livingstone mnaye vitabuni. Niulizeni waliombeba." Akaeleza jinsi alivyofariki Chitambo, katika Zambia ya leo, Mei 1873. Wafuasi wake wakauzika moyo wake hukohuko, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaufunga kwa nguo na gome la mti, wakaubeba kwa takriban miezi tisa hadi Bagamoyo. Walifika Februari 1874, mwili ukalazwa kanisani hapa kabla ya kuvushwa Zanzibar, na 18 Aprili ukazikwa Westminster Abbey, London. Chuma na Susi, walioongoza msafara ule, hawakuwepo kwenye mazishi. Katika wabebaji wa jeneza pale London, kutoka msafara ule alikuwepo Jacob Wainwright.

"Kwa nini Chuma na Susi hawakupelekwa?" akauliza mwanafunzi mmoja. "Wewe unaonaje?" dada akamrudishia. Mjadala ulioanza hapo uliendelea hadi kwenye Kosta. Nikajiuliza kwa nini mtu mwenye uwezo huu hakupewa zamu ya Caravan Serai, maana habari ni ileile ya watu waliobeba. Mkiweka nafasi, ombeni mwongozaji wa Misheni aongoze siku nzima.

Mambo madogo ya kujiandaa: fomu za wazazi na kibali cha ofisi ya elimu vishughulikiwe mapema, barua yenye mhuri wa shule mwende nayo kwa ajili ya viingilio, na maji kila mtoto abebe yake kwa sababu njia ya Kaole haina maduka ya kutegemea. Masika msiende, mchanga unakuwa tope. Miezi ya kusi ndiyo bora: mnakwenda Kaole asubuhi mkiwa na nguvu ya kupambana na upepo, na kurudi unawasaidia.

Na saa ya chakula iwekeni kwenye makubaliano pia. Kwa kuwa samaki alichelewa, Misheni tulitoka saa kumi na moja na nusu, foleni ya Tegeta ikatukuta imejaa, na wazazi walisubiri getini hadi saa tatu usiku, wengine wakinipigia simu kila baada ya dakika tano.